Mwenye Mtoki na Nesi Aliyejua Mengi

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Akina mama wenye watoto wachanga msihangaike kutoka nje. Watoto wakilia, acheni walie, sauti yangu itawashinda. Leo nina mfano mmoja tu, na nitausimulia mpaka mwisho kabla sijahubiri neno hata moja. Nawafahamu. Nikianza kuhubiri katikati, kila mmoja wenu ataanza kumtafuta jirani yake ndani ya mfano, na yeye mwenyewe atajiacha nje.

Huko kwenye milima wanakolima tangawizi kulikuwa na zahanati ya vyumba vitatu, na katika zahanati hiyo alikuwako nesi mmoja. Tumpe jina ili tusichanganye mambo, tumwite Nakunda. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Mganga aliyekuwa juu yake alihamishwa, na aliyeahidiwa kuja kuchukua nafasi hakuonekana, kwa hiyo Nakunda alipima, akaandika dawa, akatoka akaenda upande wa pili wa dirisha akaigawa dawa ileile aliyoiandika, akazalisha, akachanja watoto kila Jumanne, na asubuhi kabla ya yote hayo akaideki sakafu kwa mikono yake.

Lakini msidhani kazi ndiyo iliyomchosha. Kazi aliiweza. Kilichomchosha kilikuwa ni maneno. Miaka kumi na tisa anawaambia watu walewale wasipake dawa ya meno kwenye jeraha la moto. Miaka kumi na tisa anawaambia wamalize dozi, na dozi zinabaki nusu juu ya kabati zikisubiri mgonjwa mwingine. Mtoto ana homa siku tano, siku ya sita ndiyo analetwa, na mama anamtazama nesi kana kwamba nesi ndiye aliyechelewa. Uchovu huo mnaujua? Ule wa kusema jambo hilohilo kwa mtu yuleyule mpaka sauti yako mwenyewe inakukera? Walimu mnaujua. Wazazi mnaujua. Mimi nami, niliyesimama hapa mbele yenu, siwezi kudanganya, naujua.

Basi Jumatatu moja akaingia mzee aliyeitwa Eliabi, mkulima wa tangawizi, mtu wa miaka sitini na kitu, amevaa koti la kaka yake aliyefariki na gambuti zenye tope mpaka magotini. Nyuma yake barazani walikuwepo watu thelathini. Nakunda akamwamkia, mzee akaitikia, kisha bila kukaa akasema amekuja kuchomwa sindano ya mtoki.

Mtoki wenyewe ulikuwepo, kinenani upande wa kulia, umevimba kiasi cha ndimu. Mzee alikuwa ameukanda kwa jani la mgomba lililopashwa moto, haukusikia. Nakunda akamuuliza swali ambalo kila nesi huuliza: una kidonda mguuni? Mzee akasema mguu hauna neno. Umejikwaa, umechomwa na kitu? Mguu hauna neno. Unauma popote? Hauumi. Akaandika daftarini kwamba kidonda hakuna, akampa vidonge vya maumivu, akaita mwingine. Hakumwambia avue gambuti. Sakafu ilikuwa haijakauka, na tope lile aliliona tangu mlangoni.

Alhamisi mzee akarudi. Mtoki ulikuwa umekua, na kabla yake zilikuwa zimefika habari kwamba pale kwenye mashine ya kusaga amewatangazia watu kuwa zahanati haina kitu, nesi anagawa vidonge kama anagawa pipi. Nakunda alikuwa amekwisha kukasirika kabla mzee hajafungua kinywa. Akamuuliza maswali yaleyale, safari hii kwa sauti ya juu, na mzee naye akajibu kwa sauti ya juu majibu yaleyale. Mguu hauna neno. Hauumi. Nataka sindano ya mtoki.

Nakunda akamwambia mtoki hauna sindano, kwa kuwa mtoki wenyewe si ugonjwa. Mzee akauliza, kama uvimbe huu si ugonjwa na dawa yake haipo, yeye nesi amewekwa pale kwa kazi gani. Watu barazani wakacheka. Nakunda akamhesabia vidonge vingine vilevile, akavisukuma dirishani pasipo kumtazama usoni.

Mnamwonaje mzee huyu? Msijibu. Naziona sura zenu, na zile za huku mbele zimekwisha kumhukumu.

Jumatatu iliyofuata akaja kwa mara ya tatu, na mkewe nyuma yake. Mkewe akaketi kwenye benchi, kibeti mapajani. Mzee akasimama katikati ya chumba akatoa taarifa. Alisema amepata mtu ng'ambo ya bonde mwenye mkono mzuri wa wembe, na mchana ule anakwenda kupasuliwa mtoki utoke usaha. Amepitia zahanati kwa heshima tu, ili kesho nesi asije akasema amerukwa.

Hapo ndipo kitu kilipomkatikia Nakunda. Hakupiga kelele. Alikwenda akafunga dirisha la dawa, watu nje wakaanza kunung'unika, akawaacha wanung'unike. Akatungua ukutani kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akaitandaza mezani, akamwambia mzee aketi. Akasema atamweleza jambo moja, mara moja, mwanzo mpaka mwisho, na akishamaliza, mzee akitaka kwenda kwa mwenye wembe aende.

Akamchorea mguu, na juu ya mguu akachora tezi za kinenani. Kisha akaanza kumweleza habari za walinzi wa ngozi.

Kwenye ngozi yako, alimwambia, kuna chembe ndogo za mwili zisizoonekana kwa macho. Kila moja ina matawi membamba mengi, kama mizizi ya mche uliong'olewa, na wataalamu wamezipa jina lenye maana ya mti kwa sababu hiyo. Matawi hayo yanapenya katikati ya chembe nyingine yakipapasa, kutwa kucha, kujua nani amepita. Ngozi ikitoboka na vijidudu vikaingia, mlinzi huyo anakimeza kijidudu, anakivunja vipande vipande. Halafu anafanya jambo ambalo mtu asiyejua angesema ni woga. Anaacha kumeza, anayakunja matawi yake, anaondoka mahali pale.

Mzee akasema mlinzi wa namna hiyo yeye angemfukuza kazi.

Nakunda akamwambia asubiri. Mlinzi hakimbii, anapeleka habari. Anaingia kwenye vijifereji vyembamba ambavyo si vya damu, vinavyopitisha maji ya mwili, na kwa vijifereji hivyo anapanda, kutoka unyayoni, kifundoni, gotini, pajani, mpaka kwenye tezi ya kinenani. Safari ya siku nzima, pengine zaidi. Na juu ya mwili wake amekibeba kipande cha adui, amekiweka wazi ili kionekane.

Ndani ya tezi wamo askari, wengi kupita hesabu. Lakini askari hawa wana tabia moja ngumu: kila mmoja ameumbwa kumjua adui mmoja tu maisha yake yote, huyu wa kwake na yule wa kwake. Tena peke yao ni kama vipofu. Kijidudu kizima kikipita mbele yao hawakitambui. Mpaka mlinzi aje na kile kipande, asimame, na askari wapite mmoja mmoja wakikigusa, maelfu kwa maelfu, huyu si wake, yule si wake, mpaka afike yule mmoja ambaye adui huyu ni wake.

Ndugu zangu, hapa nesi alisahau kwamba alikuwa amekasirika. Chuoni alikosoma, somo hili ndilo pekee lililowahi kumfanya akae macho baada ya chakula cha mchana, na hakuwa amelisema kwa sauti tangu siku ya mtihani. Alikuwa amesimama, kalamu mkononi, jasho likimtoka shingoni. Akaeleza kwamba kuonyesha kipande peke yake hakutoshi. Mlinzi lazima atoe na ishara kuwa kuna hatari, kwa sababu haohao walinzi huleta pia vipande vya mwili wenyewe visivyo na madhara, na hapo kazi yao ni kuwatuliza askari wasije wakaushambulia mwili wao. Lakini habari ikiwa ya hatari kweli na yule askari wake akapatikana, basi anaanza kugawanyika. Anakuwa wawili, wanne, wanane, siku tatu, siku nne, mpaka wanajaa maelfu na tezi inavimba kwa wingi wao. Kisha wanatoka, wanaingia kwenye damu, wanashuka kwenda kulekule habari ilikotoka.

"Huo ndio mtoki wako, baba," akamwambia. "Ni kambi imepata habari na inajiandaa. Wewe unataka kwenda kuipasua kambi kwa wembe, umwage askari wako mwenyewe."

Akaweka kalamu chini. Kule barazani walikuwa wamenyamaza. Waliokuwa karibu na dirisha walikuwa wakisikiliza. Nakunda alijua kwamba amesema vizuri. Ilikuwa muda mrefu tangu aseme kitu katika chumba kile na kikasikilizwa mpaka mwisho.

Mzee Eliabi aliitazama kalenda. Alikuwa mkulima, na wakulima huuliza maji yanatoka wapi kabla hawajauliza yanakwenda wapi. Akaweka kidole juu ya tezi iliyochorwa, akakishusha polepole kwenye vile vijifereji mpaka kwenye unyayo wa karatasi.

"Sasa nesi," akasema, "huyu wa kwangu ametoka wapi?"

Nakunda akauliza wa kwake yupi.

"Huyo mlinzi. Umesema tezi haivimbi bila kuletewa habari. Hii yangu imeletewa. Habari ya wapi?"

Akafungua kinywa amjibu kwamba ni ya mguuni, si imeonekana hapo mezani kwamba ni ya mguuni? Macho yake yakashuka kutoka kwenye mguu wa karatasi mpaka kwenye mguu wa mtu, na mguu wa mtu ulikuwa ndani ya gambuti. Ulikuwa ndani ya gambuti siku ya kwanza. Ulikuwa ndani ya gambuti siku ya pili. Na muda wote huu, nusu saa nzima ya somo zuri, ulikuwa umbali wa hatua moja kutoka kwenye kalamu yake.

Akamwambia avue. Mzee akasema, bila ukali sasa, kwamba mguu hauumi. Nakunda akapiga magoti akaanza kuivuta gambuti mwenyewe. Ya kulia ilikataa. Mke wa mzee akaacha kibeti kwenye benchi, akaja akamshika mumewe mabegani, nesi akavuta, ikatoka, na harufu iliyotoka nayo ikamfanya yule mama aipeleke ncha ya kanga puani.

Msumari wa bati ulikuwa umepita kwenye soli. Kichwa chake kilikuwa chini kimejaa udongo, ncha yake imetokeza ndani. Siku nne kabla ya ile Jumatatu ya kwanza mzee alikuwa ameezua paa la banda lake la tangawizi, akatembea juu ya mabati na misumari kutwa nzima, na tangu siku ile alikuwa akivaa gambuti hiyo, akiikanyaga ncha ile kila hatua. Chini ya unyayo palikuwa na tundu, kando ya tundu nyama imekuwa nyeusi, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ambayo Nakunda hakuhitaji kuambiwa maana yake.

Mzee aliuinamia mguu wake akautazama kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake ulioachwa mlangoni kwake.

"Hauumi," akasema tena, safari hii taratibu.

Nakunda akachukua sindano akaugusa unyayo kwa ncha. Akauliza kama anasikia. Mzee akauliza asikie nini. Akamchoma kidogo zaidi, damu ikatoka, mzee bado anamtazama akisubiri aanze. Basi akafungua sanduku la vipimo vya sukari, akatumia kimoja kati ya vinne vilivyobaki, na mashine ikaandika ishirini na saba, wakati mtu mzima wa afya hafiki hata kumi.

Mmeelewa? Mzee hakuwa mkaidi. Hakuwa mwongo. Aliulizwa kama mguu unauma, akajibu kweli. Kisukari kilikuwa mwilini mwake miaka, hakuna aliyejua, na sukari ilikuwa imeifisha mishipa ya fahamu ya nyayo zake polepole, mpaka maumivu, yule tarishi tunayemtegemea sisi sote, akawa bubu. Msumari uliingia, na kule juu kichwani haikufika hata salamu. Ni vile vichembe tu vyenye matawi vilivyobaki kazini. Vilishika kipande, vikaacha mahali pao, vikapanda mguu mzima, vikafika, vikaonyesha. Kambi ikaamka, ikavimba. Na mzee, ambaye hakusikia chochote ila uvimbe huo, akaubeba akavuka kilima na msumari kiatuni, akampelekea mtu pekee aliyesomea jambo hilo. Mara tatu.

Nakunda akamwosha, akamfunga, akamwanzishia sindano za dawa kali aliyokuwa nayo, akamwandikia rufaa. Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya kubebea tangawizi. Mzee akalazwa nyuma juu ya magunia, mkewe akakaa akiushika mguu usitikisike. Hospitali ya wilaya wakakata vidole viwili na nyama ya ukingoni, wakauokoa mguu. Wiki ya pili barua ya marejesho ikafika zahanati, na chini yake daktari alikuwa ameandika kwa mkono: hongera, mgonjwa amewahishwa vizuri.

Nakunda aliisoma barua hiyo amesimama. Aliisoma tena amekaa. Kisha akalichukua daftari la wagonjwa akarudi nyuma mpaka Jumatatu ile, akaukuta mwandiko wake: kidonda hakuna. Alijua, kwa kuwa hakuna mtu angeweza kumficha jambo hilo, kwamba siku ile kidonda kilikuwa tundu dogo, la kuoshwa na kupewa dawa ya wiki moja, na vidole kumi vingerudi nyumbani vyote. Hakuna aliyemlaumu. Barua inampongeza. Mnajua jinsi pongezi inavyochoma pale unapojua mwenyewe?

Mzee aliporudi kwake, Nakunda akapanda kumtembelea. Alikuta watu wamejaa sebuleni, na mzee, mguu juu ya stuli, akawaambia wote huyu ndiye aliyemwokoa, kama si yeye sasa hivi angekuwa ana mguu mmoja, au hayupo. Watu wakamshukuru nesi. Mke wa mzee akaleta chai. Nakunda akakipokea kikombe akashindwa kunywa.

Akasubiri watu wapungue, wakabaki watatu tu, yeye na wenye nyumba. Ndipo akamwambia mzee ukweli wote. Akamwambia kuhusu Jumatatu ya kwanza, na sakafu, na foleni, na kwamba swali aliliuliza akiwa tayari anataka jibu litakalommalizia mgonjwa. Akamwambia kuhusu Alhamisi na maneno ya mashineni. Akasema vidole vile vimekatwa kwa kosa lake.

Mzee Eliabi hakushangaa. Alikipuliza kikombe chake kwanza.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilijua hukunitazama."

Nakunda akamuuliza kwa nini basi alirudi.

"Mwanangu, ningekwenda wapi? Zahanati ni hiyo moja."

Mfano umeishia hapo. Sasa nihubiri, na sitachukua muda, maana nikichukua muda nitakuwa nimefanya kama yule nesi.

Mlikuwa mnangoja nimhukumu mzee. Nilipomtaja na mwenye wembe wake, kuna waliogeukiana wakatabasamu, nimewaona. Mlidhani huu ni mfano wa watu wasiosikia. Ni kweli, lakini asiyesikia ni yule aliyesoma. Ni yule aliyeweza kuchora tezi, kutaja njia, kueleza jinsi mwili unavyomheshimu mleta habari hata ukavimba kwa ajili yake. Na mleta habari wake mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake na viatu vyake miguuni.

Ndugu zangu, ni sisi. Nimechoka kusema ni wao. Sisi tuna semina ya upendo kila robo mwaka. Sisi tuna kamati ya kutembelea wagonjwa, yenye mwenyekiti, katibu na mhuri. Sisi tunajua kila mstari unaohusu kusikilizana, na tukiombwa tutaufundisha vizuri, mpaka walio barazani wanyamaze. Halafu mtu anakuja. Haji na kidonda, kwa sababu wengi kidonda hawakihisi tena, kimekwisha kufa ganzi miaka mingi. Anatuletea kinachomsumbua, na kinachomsumbua kinatuudhi.

Yuko mama humu ndani amelalamika mwaka mzima kwamba spika zinapigwa juu mno. Tumefanyaje? Tumepunguza sauti kidogo, tumemtania kidogo, na akija tena tunaangaliana. Nani amekwenda nyumbani kwake akauliza ni kelele gani anazoishi nazo huko, hata kwaya imekuwa mzigo usiobebeka? Yuko kijana amehama vikundi vitatu, na katika vyote amegombana. Tumeandika daftarini: mgomvi. Yuko mzee anayesimama katika kila mkutano kuuliza jambo lilelile la mpaka wa kiwanja, na sasa akinyoosha mkono tu, mwenyekiti anatazama saa. Tumewapa vidonge wote hao. Tumewaambia wanachougua si ugonjwa, na pengine ni kweli, si ugonjwa. Ni uvimbe. Lakini uvimbe ni habari imefika, na habari ina mahali ilikotoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga magoti akauliza ni wapi.

Tena tusijidanganye kwamba wakirudi ni kwa sababu tunawahudumia vyema. Wengine wanarudi kwa kuwa hawana pengine. Na wako ambao wamekwisha kupata pengine. Viti vyao mnaviona.

Sasa naona mmeanza kuitikia amina. Naomba mwache. Mmeniitikia amina tangu Januari. Wazee wa usharika, kabla ya Jumatano nataka kutoka kwa kila mmoja wenu majina matatu ya watu waliotuchosha mwaka huu. Msiniandikie makosa yao, nayajua. Niandikieni wanakaa wapi na ni saa ngapi huwa nyumbani. Tutakwenda pamoja, na mimi nitatangulia, kwa sababu majina mawili ya kwanza ninayo tayari, na wote wawili walikuja ofisini kwangu nikawaambia nina kikao.